Askari Akisema "Mbili"

Usiku ule nilimuuliza mara nne, na mara zote nne alinijibu "mbili."

Alikuwa koplo. Gari lao lilipinduka, mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Mchana mfupa ulirudishwa mahali pake na mguu ukafungwa hogo kutoka juu ya goti hadi karibu na vidole. Nilikuwa zamu ya usiku. Kila nilipopita nilisimama miguuni pa kitanda chake nikauliza kama nilivyofundishwa: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Mbili, sista. Nikaandika 2 kwenye chati, nikagusa vidole vyake, vina joto, nikapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo, yapo, nikaenda kwa mwingine. Saa nane za usiku aliomba dawa kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikampa. Saa tisa na nusu akauliza kama muda wa dozi nyingine umefika. Nikamwambia bado, avumilie kidogo. Akasema hakuna shida.

Alfajiri daktari wa zamu alifika, na yeye hakuuliza namba. Alishika kidole gumba cha mguu ulioumia akakivuta taratibu kuelekea juu. Koplo akapiga ukelele ulioamsha wodi nzima. Dakika chache baadaye hogo lilikuwa limepasuliwa, na kabla jua halijachomoza alikuwa theta, chumba cha upasuaji, muundi umechanwa pande zote mbili ili misuli iliyovimba ipate nafasi. Misuli ya muundi imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Ikivimba, shinikizo hupanda mpaka damu ishindwe kupita kwenye mishipa midogo, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache huku vidole vikiwa bado vya moto na mapigo yakiwa bado yanasikika. Dalili inayotangulia ni maumivu: makali kuliko jeraha lenyewe linavyostahili, yasiyosikia dawa, yanayozidi vidole vikivutwa. Nilikuwa nimesoma haya yote, tena nilifaulu mtihani wake.

Mguu ulisalimika. Misuli inayonyanyua unyayo ilikuwa imekufa, na mpaka anaondoka wodini alikuwa anaburuta ncha ya kiatu.

Asubuhi ile, nilipokuwa nabadilisha shuka, niliona kwenye chuma cha pembeni ya kitanda, pale mkono wake wa kulia ulipokuwa umeshika, rangi imebanduka. Kipande cha ukubwa wa ukucha, chuma kinang'aa chini yake. Usiku kucha alikuwa anakisugua kwa kidole gumba, hatua mbili kutoka pale nilipokuwa nimesimama naandika 2.

Nimewahudumia askari majeruhi kwa miaka 17 sasa, kwanza katika wodi ya mifupa, baadaye katika timu ya kutuliza maumivu. Koplo yule alikuwa mgonjwa wa mwaka wangu wa pili. Sijawahi kumlaumu hata siku moja. Alikuwa ameulizwa swali ambalo jibu lake aliandaliwa tangu depo. Kuruta hukimbia na malengelenge, hubeba mzigo bega likiwa limechubuka, na akilalamika adhabu inawaangukia wenzake. Mafunzo hayo yana maana yake, kwa sababu kuna siku yataokoa roho yake na ya jirani yake. Lakini hakuna anayemwambia kwamba akifika hospitali anaruhusiwa kuyavua pamoja na buti.

Nilianza kuwauliza, wakishapata nafuu, kwa nini walinidanganya. Majibu yao yalinifunza kuliko kozi yoyote. Mmoja alinionyesha kwa kidevu kitanda cha dirishani: "Sista, yule hana miguu yote miwili. Mimi nina tundu la risasi. Nitasema nane kwa uso gani?" Luteni mmoja alisema "moja" asubuhi kwa sababu kamanda wake alikuwa amesimama pembeni, kamanda alipotoka tu mlangoni, akaniita kwa kidole, macho yamejaa machozi. Sajini mmoja aliogopa faili: kila anachosema kinaandikwa, kilichoandikwa kitafika kwenye bodi ya madaktari, na bodi itaamua kama anabaki kazini au anarudishwa nyumbani akiwa na umri wa miaka 31. Na wengi waliogopa dawa yenyewe. "Sitaki kuwa teja, afande."

Walikuwepo pia wa upande wa pili, wale wa "kumi" kila saa, hata wakiwa wanacheka na wageni. Wauguzi tuliwachoka haraka, nami nilikuwa mmojawapo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kumi ya namna ile mara nyingi inasema: nilishawaambia tano, hamkufanya kitu.

Kwa hiyo nikabadilisha swali. Kwanza nikaacha kuuliza nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda. Navuta kiti, nakaa upande wa uso wake, nahakikisha mkubwa wake wa kazi hayupo na pazia limevutwa. Halafu naacha namba ingoje. Jana ulilala kwa muda gani kabla hayajakuamsha? Ukigeuka, nani anakusaidia? Ukitaka kukohoa unakohoa, au unameza kikohozi? Askari anayeona aibu kusema "naumwa" haoni aibu kusema "sijaweza kukaa kitini mpaka sahani ikaisha." Hiyo kwake ni taarifa, na amefundishwa kutoa taarifa iliyo sahihi.

Miaka michache baadaye nikakuta kwamba wengine walishalifanyia kazi jambo hilihili. Jeshi la Marekani lilikuwa limeunda kikosi kazi cha maumivu mwaka 2009, kikatoa ripoti mwaka 2010, na hatimaye wakapata kipimo kipya kwa ajili ya askari na maveterani wao. Sifuri mpaka kumi bado ipo, pamoja na rangi na nyuso, lakini kila namba imepewa maneno yanayoeleza maumivu yanamzuia mtu kufanya nini. Kisha yanafuata maswali manne: kwa saa 24 zilizopita, maumivu yameingilia vipi shughuli zako, usingizi wako, hali ya moyo wako, na msongo ulio nao? Mbili kwenye kipimo hicho maana yake ni kwamba mtu anayasikia maumivu lakini hayamzuii kufanya chochote. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwaza ile rangi iliyobanduka. Kwa maneno yale koplo asingeweza kusema mbili bila kujua kwamba anadanganya, na nadhani ana kwa ana, nimekaa, asingenidanganya.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa kwenye kila mafunzo ya maumivu ya vitani, nami niliisikia vibaya kwa miaka. Henry Beecher, daktari wa usingizi wa Marekani, alikuwa Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 alichapisha matokeo ya kuwahoji askari 215 wenye majeraha makubwa. Takriban robo tatu yao, walipoulizwa kama wanataka dawa ya maumivu, walisema hapana. Mwalimu wetu aliitumia kutuonyesha kwamba askari ni watu wa aina nyingine. Beecher mwenyewe hakusema hivyo. Aliona kwamba watu haohao walilalamika vizuri tu muuguzi alipokosea kuwachoma sindano ya mshipa, kwa hiyo ngozi yao ilikuwa inasikia kama ya mtu yeyote. Maelezo yake yalikuwa kwamba jeraha lina maana: kwa mtu aliyetoka kwenye uwanja wa vita, kulala kwenye kitanda cha hospitali ni kupona kifo. Baadaye alilinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji, na wengi wao wakawa wanataka dawa.

Mimi naongeza niliyoyaona. Wale askari wa Beecher waliulizwa muda mfupi baada ya kufika hospitali. Aliyenijibu kwa ukweli "sitaki dawa" siku ya kwanza, huyohuyo wiki ya tatu ameuma mto. Wakati huo maana ya jeraha imeshabadilika. Siku ya kwanza ilikuwa "nipo hai." Wiki ya tatu ni "sitarudi kikosini," "mke wangu ataniona vipi," "mwenzangu niliyekuwa naye hakutoka." Maumivu ya wiki ya tatu yanahitaji kuulizwa upya kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza mgonjwa amefika.

Saa za kwanza baada ya kujeruhiwa mimi sizijui kwa macho; kazi yangu imekuwa wodini. Lakini rafiki yangu mmoja alikuwa tabibu wa kikosi, naye alinieleza mengi kuhusu njia tatu za kutuliza maumivu alizofundishwa wakati wake. Askari anayeweza bado kupigana hupewa vidonge vya parasetamoli na meloksikamu. Aspirini na ibuprofeni hazitakiwi pale kwa sababu zinadhoofisha kuganda kwa damu, na meloksikamu haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Mwenye maumivu makali lakini asiye na mshtuko wa kupoteza damu wala shida ya kupumua hupewa fentanili, dawa kali ya jamii ya mofini, ya kumung'unya, iliyo kwenye kijiti kama pipi. Kijiti kile hufungwa kwa plasta kwenye kidole cha askari mwenyewe. Dawa ikimzidi, usingizi ukamchukua, mkono unalegea, unaanguka, na pipi inatoka mdomoni. Nilipenda sana akili iliyobuni jambo hilo. Aliyepoteza damu nyingi hupewa ketamini, dawa ya usingizi, kwa kuwa haishushi msukumo wa damu wala pumzi kama mofini inavyoweza. Ketamini huleta ndoto za ajabu, na rafiki yangu alinifundisha kitu ambacho nimekitumia mamia ya mara: kabla ya kuisukuma, sogea sikioni, sema polepole kwamba utaona mambo, utaelea, mimi nipo hapa nimekushika bega. Anayeingia ameshikwa bega hutoka ametulia.

Zamani ilikuwa mofini ya sindano ya msuli, na ilikuwa na hatari ambayo Beecher aliiandika mwaka 1944. Askari aliyepoteza damu, mwili umepoa, damu haifiki vizuri misulini. Mofini inakaa palepale ilipochomwa. Haoni nafuu, anachomwa ya pili, pengine ya tatu. Anafika hospitali, anapashwa joto, anaongezwa damu, mzunguko unarudi, na dozi zote zinaingia kwa pamoja. Pumzi inakwama. Nilipomaliza kusoma hapo niliacha kudharau kitu kidogo kama kuandika saa kamili ya kila dozi. Rafiki yangu alikuwa anaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadi na kuifunga kwa majeruhi, na kama kadi imelowa damu, anaandika kwenye ngozi.

Wanaodhani kumnyima askari dawa mapema ni kumlinda, nawasimulia utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu askari 696 wa Marekani waliojeruhiwa Irak. Kati ya wale ambao baadaye hawakupata ugonjwa wa kiwewe, asilimia 76 walikuwa wamepewa mofini katika saa za mwanzo; kati ya walioupata, ni kama asilimia 60. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mofini ndiyo iliyozuia kiwewe. Lakini unatosha kunifanya nisimwache mtu aumie akingoja daktari amalize kunywa chai.

Kilichobadilisha wodi yetu kuliko dawa yoyote ni ganzi ya mishipa ya fahamu. Daktari wa usingizi hupitisha mpira mwembamba kama uzi hadi karibu na mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo kilichoumia, na dawa ya ganzi inadondoka humo kwa siku kadhaa. Madaktari wa jeshi la Marekani waliitumia kwa namna hiyo vitani huko Irak mwaka 2003, na tangu hapo imeenea. Mgonjwa anasafirishwa, anaoshwa kidonda, anakula, anaongea na mama yake kwenye simu, akili yake iko palepale kwa sababu hakulewa. Ila mimi, kwa sababu ya koplo, nakuwa mkali sana hapa. Mguu wenye ganzi hauwezi kupiga kelele. Kama muundi umevunjika au umepondeka, nataka kujua daktari wa usingizi na daktari wa mifupa wamekaa wakaongea, ganzi imepunguzwa kiasi gani, na nani atakayekagua uvimbe kila saa. Maumivu yanayopenya ganzi iliyokuwa inafanya kazi vizuri yananikimbiza kwa daktari hata usiku wa manane.

Sasa nieleze habari za sajini mmoja.

Alikanyaga bomu la kutegwa ardhini, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Kigutu kilipona vizuri, mshono safi, hakuna homa. Alikuwa mpole, msomaji, kila asubuhi "mbili, afande." Wote waliniita afande mchana, kwa kuwa nina cheo, usiku, maumivu yakizidi, nageuka sista, na nimeshaitwa mama na mtu anayenizidi umri. Sajini aliniita sista saa kumi alfajiri, wiki ya tatu, akaninong'oneza kwamba anaogopa amerukwa na akili. Vidole vya mguu uliokatwa vimejikunja. Kidole gumba kimeingia chini ya vingine, na kuna kitu kinavikanyaga ndani ya buti. Hawezi kuvikunjua. Ameshika hewa pale mguu ulipokuwa, ili avikunjue kwa mkono, na hakuna kitu cha kushika.

Alikuwa amekaa na jambo hilo siku 20.

Nilimwambia maneno ambayo namwambia kila mmoja tangu hapo, kabla ya upasuaji ikiwezekana: nakuamini, unaumia kweli, na hujarukwa na akili. Watu wengi sana waliokatwa kiungo husikia maumivu katika kiungo ambacho hakipo. Silas Weir Mitchell, daktari aliyewatibu askari wenye majeraha ya mishipa ya fahamu katika hospitali moja ya Philadelphia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikiita mwaka 1871 kwa neno lenye maana ya mzimu. Yeye na wenzake walikuwa wameshaandika mwaka 1864 kuhusu askari wenye maumivu ya kuchoma kama moto baada ya risasi kugusa mshipa wa fahamu, watu waliotembea na chupa ya maji na sponji ili mkono usikauke hata dakika moja. Sajini alisikiliza habari hizo za askari wa zamani kwa makini, kisha akasema, "Kumbe tupo wengi." Nilimwona anapumua.

Ubongo una ramani ya mwili, na ramani haikatwi na msumeno. Unaendelea kutuma amri kwa mguu, jibu halirudi, na mara nyingi picha ya mwisho ndiyo inayoganda. Kwa sajini, mguu ulikuwa ndani ya buti. Daktari alimwanzishia gabapentini, na usiku amitriptilini kidogo, dawa zinazosaidia mishipa ya fahamu iliyochanganyikiwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akaja na kioo.

Kilikuwa kioo kirefu cha mlango wa kabati, kingo zake zimefungwa plasta nyeupe zisimkate. Wazo hili lilianzishwa na V. S. Ramachandran miaka ya 1990, na mwaka 2007 yakachapishwa majaribio ya askari 22 wa Marekani waliokatwa mguu mmoja. Waliotumia kioo kwa wiki 4 wote walisema maumivu yamepungua. Kundi lilikuwa dogo. Lakini kioo hakina sumu.

Sajini alikaa kitandani, kioo kikasimamishwa katikati ya mapaja, kigutu kikafichwa nyuma. Akainama kutazama upande wa kulia na akaona miguu miwili. Alitazama labda kwa sekunde tatu. Akageuza uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika, na mtaalamu, kijana mdogo, akanitazama asijue la kufanya. Tulikiondoa kioo, nikakaa naye. Hakusema kitu, nami sikusema. Baadaye niliambiwa kwamba hili hutokea, mtu hulilia mguu upya akiuona mzima. Laiti ningejua mapema, ningemwandaa.

Siku iliyofuata yeye mwenyewe aliuliza kioo kiko wapi. Dakika 15 kila siku: nyanyua unyayo, shusha, zungusha, kunja vidole, kunjua. Amri inakwenda kwa miguu yote miwili, macho yanaona yote miwili inatii. Siku ya nne, hakuna kitu. Siku ya sita, maumivu yalizidi kidogo, akakasirika. Niliingia wodini siku ya tisa nikamkuta amenyanyua mkono kama mwanafunzi anayetaka kujibu, lakini hasemi, macho yako kwenye kioo. Nikasogea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetandazwa, vidole vimeachana.

"Kimetoka," alisema. "Kidole gumba. Kimetoka chini ya wenzake."

Si kila mtu anaondoka na habari kama hiyo. Niliwahi kuwa na kijana aliyepoteza miguu yote miwili. Kioo kingemwonyesha nini? Mtaalamu alivua viatu akaketi mbele yake, akawa anachezesha nyayo zake mwenyewe, na kijana anazifuata kwa zile zake zisizokuwepo. Ilimsaidia kiasi. Mwingine maumivu yake hayakuwa ya mzimu hata kidogo: ukigonga sehemu moja ya kigutu kwa ncha ya kidole, umeme unapiga mpaka kiunoni. Hicho ni kinundu cha mshipa wa fahamu uliokatwa, na kinamhitaji daktari wa upasuaji. Wengine mfupa huota ndani ya nyama ya kigutu, jambo linalotokea sana kwa waliokatwa kwa milipuko. Ndiyo maana nakataa mtu kuandika "maumivu ya kigutu" akaishia hapo. Uliza yanachoma, yanapwita, yanabana au yanapiga kama umeme, na mgonjwa aoneshe kwa kidole kimoja.

Kuhusu vidonge vya jamii ya mofini baada ya miezi, nina mengi ya kusema na nitasema machache. Kuna askari alikuwa anaomba kidonge saa tisa usiku, kila usiku, mguu wake ukiwa umepona kiasi cha kutembea bila magongo. Wenzangu walishaanza kutumia neno teja. Nilivuta kiti. Nikamuuliza saa tisa kuna nini. Alikaa kimya muda mrefu, akaniambia saa tisa ndiyo ndoto inafika, ileile, na kidonge kinaizima. Mguu ulikuwa jina tu la kuombea dawa. Alihitaji mtu wa kumtibu ile ndoto, akampata, na vidonge tukavipunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kwa ratiba aliyoiandika yeye mwenyewe na kuibandika ukutani. Kuvikata ghafla kungemletea jasho, kuhara na maumivu mapya, na angeturudia akiwa hana tena imani nasi. Na kwa kila anayeanza dawa hizi, jamani, dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Nimewaona wanaume waliovumilia bomu wakilia kwa choo kigumu cha siku sita, na walikuwa wanaona aibu kukitaja.

Sajini alitoka wodini, akarudi miezi kadhaa baadaye kwa ajili ya mguu wa bandia, na maumivu yamerudi. Nilimuuliza juma lake lilivyokwenda, siku kwa siku. Jumatatu alijisikia vizuri, akafanya kazi za siku nne. Jumanne mpaka Ijumaa alilala chali. Jumamosi vizuri tena, akatembea mpaka kigutu kikachubuka. Askari wengi huwa hivyo. Wanajua kwenda mpaka mwisho au kutokwenda kabisa. Tulimpangia kutembea kwa kuangalia saa, dakika 10 kisha kupumzika, hata kama mguu unamwambia endelea, na kila juma aongeze dakika mbili. Alichukia sana. Kupumzika kabla hujachoka alikuona ni utoro.

Asubuhi moja ya juma la tano nilikwenda kwake na chati. Sikuuliza kitu, kwa kuwa alishaanza kutoa taarifa nikiwa bado navuta kiti: amelala kwa muda wa saa sita, ameamshwa mara moja. Ametembea dakika 18, amepumzika mara mbili, zote kwa saa. Vidole vya kushoto vilijikunja jioni, akakaa na kioo, vikakunjuka kabla ya chakula. Kigutu kinawasha upande wa nje, hapa, akaonesha kwa kidole kimoja. Jana usiku alimwota mwenzake, hakuomba kidonge, alimpigia simu kaka yake.

"Na namba?" nilimuuliza.

Alifikiri kweli, kama mtu anayepima kamba kwa mkono.

"Nne," alisema. "Jioni ilikuwa sita."

Nikaandika yote, kwa maneno yake, na mstari haukutosha. Niligeuza chati nikaendelea nyuma.